Jina Ambalo Anicet Hakuliandikisha

Kutoka Buffalo hadi Columbus, Anicet aliendesha gari akifanya mazoezi ya sentensi moja: "Baba mdogo, naomba unisaidie na jambo la aibu." Aliisema kwa upole, akaisema kwa ukali, akaisema kwenye kituo cha mafuta mpaka mama mmoja akasogea mbali naye. Akiwa peke yake alikuwa msemaji hodari.

Jambo lenyewe lilikuwa uraia. Kiingereza alikimudu, maswali ya historia akayajibu kama maji, kisha ofisa wa usaili akamwuliza: mbona hukujiandikisha? Katika nchi hii kila kijana wa kiume, raia au mkimbizi, anatakiwa kuandikisha jina lake kwa ajili ya jeshi kabla ya kutimiza miaka ishirini na sita. Hachukuliwi popote, jina linakaa tu, endapo siku moja vita vitahitaji watu. Anicet alifika Marekani akiwa na miaka ishirini na miwili. Sasa ana ishirini na tisa, na muda umempita. Wakili alimwambia iko njia moja: mtu aliyeishi naye wakati ule aape kwa maandishi kwamba kijana hakuikaidi sheria, bali alipotoshwa. Bila hivyo, ombi litakataliwa.

Na aliyempotosha ni baba yake mdogo, Dionizi.

Mzee huyu ndiye aliyemlea Anicet katika kambi ya wakimbizi Tanzania baada ya baba yake kufa, na ndiye aliyempokea nyumbani kwake Hilliard, pembeni mwa Columbus, kabla hajahamia Buffalo. Anicet alipomwuliza habari za kujiandikisha, mzee alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua macho. "Hiyo ni ya wanaotaka uaskari. Wewe unautaka?" Hakuutaka. Maneno yakaishia hapo. Tena mzee hakusema ovyo. Kule kambini walikuja watu kuandika majina ya vijana, wakamwandika Eliezer, kifungua mimba wake. Eliezer akaenda msituni na bunduki, na hakurudi.

Sasa mtu wa namna hiyo, aliyekulisha kwa mkono wake, utamwambiaje atie sahihi kwamba alikupotosha? Anicet aliona aibu hata kuliwaza. Mkewe Fides tu ndiye aliyejua. Kanisani kwao, mtaa wa Black Rock kule Buffalo, waumini walishampongeza kwa uraia, naye, masikini, akaitikia "Amina".

Alimchukua mzee Hilliard, wakashika njia ya Louisville, kwa Angelika, dada yake Anicet, aliyekuwa anabatizisha mtoto. Mzee alivaa suti, amepakata mfuko wa maandazi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Fides hajambo?"

"Hajambo. Yuko kazini, anatunza wazee." Sentensi ikafika kooni, ikageuka huko huko. "Baba mdogo... nikuongezee joto?"

Akaongeza joto. Walipopita Cincinnati akajaribu tena, likatoka lile lile la joto, mpaka mzee akavua koti, akalegeza tai, akafungua dirisha. Saa tatu na zaidi walikuwa wawili tu ndani ya gari. Mficha uchi hazai, lakini Anicet aliuficha wake mpaka mlangoni kwa Angelika.

Baada ya ibada watu walijaa sebuleni, wali na ndizi mapajani. Mzee alibariki chakula, kisha akamshika Anicet bega. "Na huyu, karibuni mtamwita raia!" Wakapiga makofi. Anicet akatabasamu, uso unamwaka.

Hapo Angelika akasema, "Baba mdogo, wewe ndiye mzee wetu. Gatera wangu ametimiza kumi na minane. Shuleni wanamwambia aandikishe jina la jeshi. Unasemaje?"

"Asiandikishe," mzee akajibu. "Hiyo ni ya wanaotaka uaskari. Anicet hakuandikisha. Mtazameni, amepungukiwa na nini?"

Wakamtazama, Gatera naye akamtazama. Anicet angeweza kumvuta mzee kando. Lakini sentensi aliyoibana tangu alfajiri ilikuwa imeshachachuka, ikatoka yenyewe mbele ya wote.

"Wamenizuia uraia, baba mdogo. Kwa sababu hiyo hiyo. Wewe ulinipotosha!"

Neno la mwisho hakukusudia kulisema. Angelika alijiziba mdomo. Mzee aliketi taratibu.

"Kaandikishe, mjukuu wangu," akamwambia Gatera kwa sauti ndogo. Kisha akaomba koti lake.

Walirudi hadi Hilliard. Mara hii Anicet hakuuliza habari za joto, ingawa mzee alikuwa anatetemeka. Gari liliposimama mbele ya nyumba, mzee hakushuka.

"Karatasi unayo?"

"Karatasi gani, baba mdogo?"

"Mtu hatoki Buffalo aje kuniuliza habari za joto njia nzima. Itoe."

Anicet akaitoa chini ya kiti.

"Nisomee."

Akamsomea, akiitafsiri mstari kwa mstari. Alipofika pale penye "nilimpotosha", akataka kuikunja karatasi.

"Soma, mwanangu. Umeshalisema mbele ya watu."

Akalisoma. Mzee akaweka karatasi juu ya goti, na yeye ambaye tangu Eliezer aandikwe alichukia kuona jina likiandikwa, akaandika lake, polepole, herufi kwa herufi. Akamrudishia.

"Tangu asubuhi tulikuwa wawili humu ndani," akasema. "Ungeniambia, ningemjibu Angelika mimi mwenyewe."

Akashuka, akafunga mlango taratibu kama anavyoufunga siku zote. Anicet alibaki na karatasi aliyoifuata, na hata asante hakuweza kuisema.