Bwana Fungu wa Temeke

Kamugisha alikuja Temeke kutoka Bukoba mwaka 1947, akawa karani wa hazina ya baraza letu. Ukimwendea kuomba fedha ya kazi yoyote, alikuuliza kwa upole, "Ni ya fungu gani?" Basi tukamwita Bwana Fungu, naye akaitika.

Masika ya 1952 upepo uling'oa paa la zahanati, wagonjwa wakalala kwenye majamvi yaliyolowa. Jumbe Mwinjuma, mtu wa huruma na haraka, alikwenda ofisini asubuhi.

"Kashani mna shilingi mia sita za kisima. Toa tununue mabati."

"Zilipitishwa kwa kisima, Jumbe. Kuzihamisha ni kazi ya baraza zima."

"Kasha lina funguo mbili. Mmoja ninao mie, mmoja unao wewe. Nani atatuzuia?"

"Hakuna, ndiyo maana naogopa. Leo tutafungua kwa mabati. Kesho ufunguo wako atakuwa nao mwingine, atataka tumfungulie kwa harusi ya mwanawe."

Jumbe aliondoka amenuna. Watu wakasema karani ana moyo wa jiwe, kumbe mwenyewe alishapanda baiskeli kuwatafuta wajumbe saba wa baraza. Mmoja alikuwa Kiwalani, mwingine Mtoni, wengine shambani huko Mbagala. Alizunguka siku mbili, na penye tope zito aliibeba baiskeli begani.

Siku ya tatu walikaa, wakabishana hadi adhuhuri. Zahanati ikapewa mia nne, na ikaandikwa kwamba ushuru wa soko utarudisha fedha ya kisima mwaka unaofuata. Wakatia sahihi, asiyejua kuandika akaweka dole gumba.

Aliyeumia ni mke wa Kamugisha, Jovina, mjamzito wa miezi sita, aliyefuata maji mbali kila siku.

"Baba Audax, umewakusanya watu wote hao waje kuninyima maji?"

"Mimi niliandika tu walichoamua."

"Haya, sasa kachote."

Akaenda kweli. Kila alfajiri, tai shingoni, alifunga madebe mawili kwenye baiskeli. Wanawake walimcheka wiki nzima, kisha wakawa wanampisha achote kwanza asichelewe kazini. Jovina alipoambiwa, hasira zikamwisha.

Mwaka uliofuata kisima kikachimbwa. Maji yalikuwa na chumvi kidogo, lakini hayakukauka hata kiangazi. Debe la kwanza alichota Jovina, mtoto mgongoni.