Fundi Saning'o na Majina Yaliyosahaulika Kwenye Kompyuta

Saa tatu asubuhi mjini Korogwe, Saning'o Leboo (34) ameshika bisbisi lakini hafungui chochote. Mwalimu aliyeleta kompyuta yake kutoka Sindeni ameambiwa aketi, naye ameketi shingo upande, akilalamika kwamba basi litamwacha.

"Basi lingine lipo, mwalimu," fundi anamjibu taratibu. "Siri za humu zikishatoka, hatuzirudishi tena."

Kwao Saning'o, kwenye nyanda za wafugaji wa Handeni, ng'ombe akiuzwa huvuliwa kengele kwanza, na anayeivua ni mwenye ng'ombe. Utaratibu huo ameuhamishia kwenye kibanda chake cha kompyuta zilizotumika. Muuzaji haondoki mpaka achague anachotaka kubaki nacho, kisha diski ifutwe yote mbele ya macho yake.

Hakuanza hivyo. Mwaka 2013 alinunua kompyuta ya zahanati moja ya binafsi, akaiuza siku hiyohiyo kwa duka la kuchapa barua. Hakutazama kilichomo.

"Nilijua adabu ni kutochungulia ya watu," anasema. "Kumbe ulikuwa uvivu."

Ndani yalibaki majina ya waliopima damu, pamoja na majibu yao. Wiki haikuisha, jina la Paulina Ernesti, mkulima wa Mkata, likawa midomoni mwa watu. Wateja wakaihama meza yake ya mihogo barabarani.

Zahanati ilimlaumu fundi, na fundi angeweza kuirudishia lawama hiyo. Lakini moyo ulimuuma, akapanda basi hadi Mkata kuomba radhi. Paulina alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza jambo moja tu: "Na hiyo utakayouza kesho, je?"

Tangu siku hiyo kiti cha muuzaji hakiondoki kibandani. Katika kila wauzaji kumi, watatu hukasirika na kwenda kwa mafundi wasiosumbua. Saning'o hawafuati. Mwaka huu anataka kuzungukia ofisi za Handeni, awafundishe makarani kufuta wenyewe.

Mwezi uliopita alipata mteja ambaye hakumtarajia. Paulina, ambaye siku hizi ni katibu wa kikundi cha kinamama wanaoishi na virusi vya Ukimwi, alikuja kununua kompyuta ya kuandikia majina ya wanachama. Walipomaliza kuifunga kwenye boksi, alikitazama kile kiti.

"Siku tukiichoka nitaileta hapahapa," alimwambia. "Uniwekee kiti changu. Nitakaa mpaka umalize."