Mpiga Dramu wa Albamu Mbili

Mwingereza aliyefundisha lugha kwenye chuo kimoja cha Jeddah hakuwa mtu wa maneno. Kila asubuhi Morgan, dereva wa chuo, alimkuta keshasimama kando ya lango lake kule mtaa wa Al-Baghdadiyah, mkoba kwapani, mikono mifukoni hata jua likichoma. Mlango wa gari aliuvuta kwa kiganja kizima, maana vifundo vilikuwa vimevimba na vidole havikunjiki. Akisemeshwa, aligeuza sikio la kulia. La kushoto lilishakufa.

Siku moja Morgan aliweka wimbo wa bendi ya roki aliyoipenda tangu akiwa Nakuru. Walikuwa vijana wanne wa Uingereza walioanzia kwenye baa za mji wa viwanda. Albamu ya pili ikawajazia viwanja, ya tatu, yenye wimbo huo, ikavuma dunia nzima, kisha wakagombana na kutawanyika. "Mwalimu, hawa ndio walikuwa wanaume," akasema. "Sikia hizo dramu!"

Mwalimu aliinama mbele. "Albamu mbili za kwanza nilipiga mimi," akasema polepole. "Hizi si zangu. Mikono iliponishinda, halas, ikawa basi, walifuta nilizorekodi wakamleta mwingine. Picha yangu tu ndiyo wakaibakiza kwenye jalada."

Morgan akaikumbuka ile picha, kijana wa kwanza kushoto, nywele mabegani. Aibu ikamshika, akanyoosha mkono azime.

"Wacha uishe," mwalimu akasema.

Walikuwa wameshafika. Kengele ya chuo ilishalia na wanafunzi walikuwa wanaingia, lakini yeye alibaki kiti cha nyuma, macho kayafumba, midomo ikihesabu mapigo ya mtu mwingine.