Maharamia wa Ukutani

Juzi, katika duka la mitumba Maple Grove, huku ughaibuni, niliona picha ya manowari ndogo kwenye mto wa China, nikamkumbuka mzee wa kizungu ambaye mama aliajiriwa kumtunza mjini Brooklyn Center nilipokuwa mtoto. Chumbani kwake, palipojaa harufu ya dawa ya kuchua, ilitundikwa picha kama hiyo, na kando ya manowari mashua yenye watu waliopiga magoti.

“Baba yangu alikuwa baharia wa meli hii; alikamata maharamia,” mzee alisema, na mama akanitafsiria.

Nikawaonyesha kwa kidole maharamia pichani: mabaharia wa kizungu wenye bunduki. Kwetu kisiwani Ukerewe, walioiba nyavu za wavuvi walikuja na boti za injini na bunduki. Walioibiwa walikuwa na mitumbwi.

“Mwombe babu radhi!” mama alifoka.

“Simwombi, mama. Ni hawa.”

Sasa najua maharamia walikuwa wale waliopigishwa magoti kwenye mashua. Lakini mto ulikuwa wa Wachina, na radhi sijaiomba hadi leo.