Jioni Niliyopeleka Futari

Kwetu Mtopanga, Ramadhani ikiingia, watoto wote hutumwa kupeleka futari kwa majirani. Wote isipokuwa mimi. Nilizaliwa na siko seli, ugonjwa wa damu niliorithi kwa baba na mama. Nikikimbia au nikipigwa na baridi, mifupa huuma mpaka nalazwa. Na kichwa changu nacho ni kizito: nikiambiwa maneno matatu, nabaki na moja. Darasa la tatu nililisoma miaka mitatu, hata nikawa kama dawati la pale.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipomlilia mama anitume na mimi. Binamu yangu akacheka.

"Huyu? Mtume hapo jirani, aibukie mbali kule Mwakirunge."

Mama akamnyamazisha, akaniita.

"Abee."

Akanipa sahani ya mahamri na mbaazi za nazi, imefunikwa kawa. "Mpelekee yule bibi jirani. Mlango wa tatu, mkono wa kulia. Usikimbie."

Nilitembea kama bibi harusi. Mlango wa tatu niliupata, ila mkono ulikuwa wa kushoto. Akatoka jirani yetu Mgiriama, mama wa kanisani, asiyefunga.

"Heh, leo umetumwa wewe?"

Kuulizwa vile tu, furaha ikanisahaulisha mengine yote. Nikampa. Na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, akanijazia mihogo ya kuchemsha. Nilirudi nikijiona mkubwa.

Mama aliitazama ile mihogo, akajua. Adhana ilikuwa ishalia. Alikwenda mbio kwa yule bibi, ambaye anaishi peke yake, akamkuta keshafuturu kwa maji matupu, macho mlangoni.

"Wallahi sikukasirika," bibi akamwambia. "Kesho mtume yeye yeye."

Kesho yake nilijifunga leso tangu alasiri, nikakaa kizingitini. Sahani akapewa binamu.

Sasa mimi ni msichana mkubwa. Nimefunga uzi mwekundu mkono wa kulia, sikosei tena. Ramadhani hii pia nilisogea karibu na sahani. Mama akasema, "Pumzika mwanangu, kuna upepo."

Ananipenda, najua. Lakini natamani anitume tu, hata nikipotea. Mtu akipotea Mtopanga huulizwa ni mtoto wa nani, na hilo mimi nalijua.