Taa ya Mkarafuu

Ukitaka kucheka, cheka kabisa sasa hivi, maana haya yalinikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Al Amerat, kando ya Maskati, mchana kweupe. Sikuota wala sikusimuliwa.

Mama aliondoka Unguja akiwa msichana na hakurudi tena. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili akaugua, hatoki kitandani ila kwa kushikwa, na hamu yake ilikuwa moja tu: kuponda jani bichi la mkarafuu mkononi, alinuse. Shangazi aliponiletea mche kutoka Pemba, nikauficha stoo. Nje jua la Maskati lingeukausha, na mimi nilitaka Mama auone siku moja ghafla, umeshanawiri.

Nikaenda kununua taa ya kuoteshea mimea ndani. Muuzaji, wa kwetu vilevile, akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Yakhe, unaotesha nini chumbani? Bangi?"

Akanionyesha ya mwanga mpole na ya mwanga mkali. Nikachukua ile kali. Mimi nimezaliwa hukuhuku. Unguja niliijua kwa hadithi za wazee, na katika hadithi zao jua halitui. Niliona mti wa kule utataka mwanga wa kule. Kumuuliza Mama kungeharibu siri yangu.

Baada ya siku chache majani yakaanza kukunjamana. Nikadhani mwanga hautoshi, nikaishusha taa kwa mnyororo wake. Naam, nikaishusha!

Ijumaa moja tumeshakula cha mchana, nyumba nzima imelala, nikafungua stoo. Bibi mmoja alikuwa amechutama mbele ya mche. Kajifunga kanga ya kisutu, na ya pili kaitandaza juu ya majani kuyakinga. Pembe ya kanga hiyo ilikuwa imeungua.

"Mtoto mchanga unamwanika?" akasema, hata hakugeuka. "Huyu hulelewa kivulini, chini ya migomba."

Unadhani niliogopa? Wapi! Nilikasirika. Nilijua ni jirani kaingia kupekuapekua, na siri yangu imefichuka.

"Nani kakuruhusu? Toka!"

Akainuka taratibu, akachukua kanga yake, akanipita. Hapo ndipo nilipoona. Chini ya taa ile kila kitu kilikuwa na kivuli cheusi, ndoo, mche, hata mimi. Yeye hakuwa nacho. Nikamfuata mbio hadi ukumbini, hapakuwa na mtu, na mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mama akaniita. Nilimkuta ameketi kitandani, peke yake, bila kushikwa.

"Nnanusa karafuu. Nani kaja?"

Nikamweleza yule bibi, na kisutu, na pembe iliyoungua. Mama akaanza kulia.

"Mamaangu huyo. Kanga hiyo niliiunguza mimi kwa pasi ya mkaa, na wala hakunipiga." Akanishika mkono. "Umemkaribisha, mwanangu?"

Kwetu hata mgomvi wako humfukuzi kabla hujamwambia karibu. Nami nilikuwa nimemwambia toka.

"Ndiyo," nikasema. "Kasema atarudi."

Laiti ningenyamaza. Tangu siku ile Mama hakukubali mlango wa nje ufungwe mchana. Kila baada ya adhuhuri alitaka aketishwe ukumbini, kajitanda kanga safi, na kikombe cha pili cha kahawa kimiminwe kiwekwe mezani. Mche ulikuwa umeshaungua mpaka shina. Nilimpa jani lake, akaliponda, likawa vumbi lisilo na harufu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Hakutaja siku?" Akafa anangoja.

Niamini, hakuna siku swali lile halinirudii. Wewe unayenisikiliza, ukilea mche wa ugenini anza na mwanga mdogo, na uulize wanaoujua. Na ukimkuta mgeni ndani mwako, mwambie karibu kwanza, ndipo umuulize ni nani. Mlango wangu mchana haufungwi, mke wangu ananigombeza kwa vumbi, na kahawa ya pili bado naimimina. Inapoa, naimwaga.