Baiskeli Nyuma ya Kombi Yetu

Hata leo nikisikia chuma kikigongwa, mwanangu, nairudia asubuhi moja kwenye barabara ya Kaniama. Nilikuwa bado bibi arusi, nimesimama nyuma ya kombi yetu, baiskeli yangu imening'inia juu nisikoifikia na machozi yananilengalenga.

Mume wangu Ilunga alitengeneza mashine za kusaga mahindi, mimi niliwafundisha akina mama kusoma. Kombi ile kuukuu ndiyo ilikuwa nyumba yetu ya safari. Tulilala humo, tukasonga bukari, ugali wetu wa huku, kando yake, na pale njia ya gari ilipoishia kila mmoja alipanda baiskeli yake akaenda upande wake. Ah, siku zile zilikuwa tamu! Hatukuwa na kitu, na tulicheka kutwa.

Ilunga alichomelea mwenyewe chuma cha kubebea baiskeli nyuma ya gari. Alikiweka juu sana, maana kile cha kwanza kilikwaruza chini kila tulipoingia kwenye mashimo. Watu wa Kamina walikuja kukisifu. Nami nilikisifu, ingawa yeye alikuwa mtu wa kuinama kwenye kila mlango, na mimi ni mfupi, unaniona mwenyewe. Bila yeye sikuweza kuishusha baiskeli yangu. Nikaona haya kumwambia, kwa jinsi alivyofurahi.

Sasa asubuhi ile aliitwa mapema kwenye mashine iliyokwama, akaondoka nikiwa mtoni nachota maji. Niliporudi, baiskeli yangu ilikuwa bado juu. Nikaruka. Nikapanda juu ya ndoo, ndoo ikapinduka, nikaanguka nayo. Jua lilipofika utosini, akaja kwa miguu Mama Kalenga wa darasa langu, mtu mzima mwenye wajukuu, jasho linamtiririka.

“Madamu, bamama baliacha mashamba juu yako. Balikungojea, sasa banarudia. Banasema unatuchoka.”

Nikamwonyesha kinga yangu, maana ndivyo tunavyoita baiskeli huku kwetu. Akaitazama, akanitazama, akashika kiuno.

“Na bwana yako anajua kama haufike pale?”

“Hapana, mama. Sikumwambia.”

“Sasa atajua namna gani? Anaona ndani ya tumbo yako? Umwambie leo. Ukinyamaza tena, shida haiko kinga, shida ni weye.”

Yaliniuma, mwanangu. Darasa lilikuwa changa bado, na akina mama wakikata tamaa ni vigumu kurudi.

Jioni nikamwambia Ilunga. Akanuna. Halafu akasema, “Siku zote hizi, Ngoie? Na miye nilikuwa najisifu!” Akaniambia niinyanyue baiskeli mpaka mikono ikatae, akachora alama ya chaki pale nilipofika. Tuliporudi Kamina alikikata chuma chote. Akaweka bomba nene, na ndani yake bomba jembamba linaloteleza, akatoboa matundu ya kupitishia pini. Wakati wa kupakia, kinashuka mpaka kifuani pangu. Wakati wa kuondoka, tunakiinua kwa jeki ya gari. Siku ya kwanza kuishusha baiskeli peke yangu nilipiga kigelegele barabarani kama kichaa! Na Mama Kalenga alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiniombea msamaha, darasa likajaa tena.

Miaka ikaenda, mgongo wa Ilunga ukaanza kumsumbua. Siku moja tunapakia, yule bwana aliyeringia urefu wake akaniambia bila haya hata kidogo, “Ngoie, shusha kidogo.” Nikashusha. Akaniomba tena baadaye, na tena, mpaka tukafika tundu la mwisho. Sasa ametangulia. Namlilia, sifichi, lakini hakuna neno lililobaki tumboni mwangu ambalo sikumwambia.

Basi wewe unayejiandaa kuolewa, mwenzako akikujengea kitu kwa upendo na hukifikii, mwambie mapema na kwa upole, kabla watu wengine hawajaumia kwa ukimya wako. Ukiambiwa wewe, nuna kama ni lazima, kisha ukarekebishe. Mungu akupe nyumba ambamo mtu anasema “sifiki” bila kuogopa, na mtu mwingine anainuka kumshushia.